Ombi la Tabora Kucheleweshewa Habari

Abbasi Mrisho,
Fundi wa kanzu, suti na sare za shule,
Ng'ambo, Tabora.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUOMBA HABARI ZENU ZIENDELEE KUTUFIKIA KESHO YAKE KAMA ZAMANI

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama mimi ndiye niliyekuzidi, basi nimekwisha kuitika marahaba, tuendelee.

Mimi ni msomaji wako. Nikisema msomaji sina maana ya mtu anayenunua gazeti akajifungia nalo ndani peke yake. Wa namna hiyo unao wengi na sina ugomvi nao. Mimi ni msomaji wa baraza. Kila asubuhi, tangu enzi ambazo sare za shule zilishonwa kwa kitambaa cha maana, wazee wenzangu hukaa kwenye benchi mbele ya kibanda changu cha ushonaji, tunanunua gazeti moja, mimi nalisoma kwa sauti na wao wanasikiliza. Gazeti lenyewe lilikuwa la jana, kwa sababu lilikuwa likishuka kwenye basi jioni, wakati kila mtu ameshakwenda kwake. Hakuna aliyelalamika. Tuliishi siku moja nyuma yenu na afya zetu zilikuwa nzuri.

Ili uelewe hasara niliyoipata, lazima nikueleze tunavyosoma. Mimi nasoma kichwa cha habari peke yake. Tuseme "Waziri acharuka". Hapo hapo nalikunja gazeti na kuliweka mapajani. Sasa kila mmoja anatoa rai yake: kacharuka kwa nini, kamcharukia nani, na huyo aliyecharukiwa atajitetea vipi. Anayeanza kwa kawaida ni Mzee Issa, aliyekuwa gadi wa treni ya Kigoma. Macho yake yamefifia lakini sauti bado ni ile ya kuwaamsha abiria. Anayempinga ni Mwalimu Gerson, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu, na ambaye bado anaongoza kwaya ya Moravian. Mabishano yakishakolea na kahawa ikamiminwa mara ya pili, ndipo nalikunjua gazeti na kusoma habari yenyewe. Aliyepatia anakalia kiti chenye mto. Aliyekosea anaosha vikombe. Kuna msimu wa ligi ambao Mzee Issa aliosha vikombe mpaka vidole vikawa vyeupe.

Kwa hiyo utaona, Ndugu Mhariri, kwamba kazi yangu si kusoma. Kusoma kila aliyepita shule anaweza. Kazi yangu ni kukunja.

Sasa tumenunua kishikwambi, na kibaya zaidi, aliyekichagua ni mimi. Magazeti ya karatasi yalianza kuja leo, kesho hayaji. Baraza likakaa, likaamua tupate kishikwambi cha bei nafuu, cha kusomea na kuperuzi tu, kisicho na makuu. Nikateuliwa mimi na Mwalimu Gerson kuzunguka madukani. Nilikubali kwa moyo safi, nikiamini kitu hicho kitakaa mikononi mwangu kama gazeti lilivyokaa. Kilichotokea baadaye ndicho kinachonifanya nikuandikie. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu vipimo. Duka tulilolipenda ni la binti mmoja aitwaye Tunu, karibu na soko. Alitutolea kishikwambi akasema ni cha inchi kumi. Nikavua futi yangu shingoni, nikapima upana, haikufika kumi. Nikapima urefu, haikufika kumi vilevile. Nikamwambia kwa adabu kwamba ananipunja. Akacheka, akasema, "Babu, hii inapimwa kutoka kona hadi kona." Ndugu Mhariri, mimi nimepima watu maisha yangu yote. Ningekuwa nawapima suruali kutoka nyonga ya kulia hadi kisigino cha kushoto, mji huu mzima ungekuwa unatembea umeshikilia nguo mkononi. Mwalimu Gerson badala ya kunitetea akaomba chaki, akaanza kueleza habari za pembetatu pale pale kwenye meza ya duka, watu wakajaa. Mwishowe tulikichukua hicho cha mshazari, kwa sababu kingine cha bei ya chini kilikuwa kidogo kama kitabu cha nyimbo cha Mwalimu, na Mzee Issa asingeona kitu. Kile cha bei ya juu kilikuwa na kalamu yake, na sisi hatukwenda kuandika. Tena nilipofika nyumbani nilikishonea koti kwa kipande cha kitambaa cha suti, rangi ya majivu, lenye bitana, na mfuniko mpana unaofunika kioo chote na kufungwa kwa kifungo. Natangaza kwamba kishikwambi hicho kimevaa vizuri kuliko Mwalimu Gerson.

2. Kuhusu jua. Mimi nilisisitiza kila kifaa kijaribiwe nje, maana baraza letu liko nje. Tunu akakubali. Cha kwanza kilimeremeta mno. Mwalimu Gerson alikitazama kwa muda mrefu kwa makini, nikadhani ameikuta habari nzito, kumbe alikuwa anajitazama na kulaza ndevu. Cha pili kilikuwa na kioo hafifu, juani kilikuwa kama sinia. Hiki tulichokinunua kinasomeka vizuri kabisa, alimradi kiwe kivulini. Sikuona tatizo. Nilisahau kwamba benchi langu linatazama mashariki na jua la asubuhi lote ni la kwetu.

3. Kuhusu chaji. Tunu alituapia kwamba kitakaa siku nzima. Hakusema uongo, kinakaa siku nzima kikiwa kimelala. Lakini ukikiwasha, ukakiwekea bando, ukampa Mzee Issa atafute picha za injini za zamani, hakifiki saa nne. Cherehani yangu ni ya miguu na kibanda changu hakina umeme. Ng'ambo ya barabara yuko kijana wa kinyozi, Masele, ana umeme, ana kipaa kinachotoa kivuli, na ana tabia nzuri, jambo ambalo linazidisha uchungu. Siku moja wazee wakaniaga kwa heshima zote, wakahamia kwake. Wakabeba na benchi. Benchi ni langu, Ndugu Mhariri, nililinunua mimi. Waliona haya kukaa chini kwa kinyozi, lakini hawakuona haya kunibebea benchi mbele ya macho yangu. Kuwafuata siwezi, kwa sababu shule zinafunguliwa na sare zinanisubiri, na pia kwa sababu hakuna aliyesema "twende".

4. Lalamiko la nne limefutwa. Lilihusu birika la kahawa la mke wangu Asmahani, ambalo nalo limevuka barabara. Asmahani ameisoma barua hii kabla ya kwenda kwako, na tumekubaliana kwamba lalamiko la nne halijawahi kuwepo.

5. Kuhusu kidole. Nilijikaza siku moja nikavuka, nikiwa na nia njema ya kusoma. Wakanipisha. Nikagusa kioo, kikanyamaza. Nikagusa tena kwa nguvu, kimya. Kidole changu kimechomwa na sindano na kusuguliwa na mkasi mpaka kimeota sugu, na kumbe vifaa hivi havitambui kidole chenye sugu. Mzee Issa, ambaye kazini alikuwa anapunga bendera na kupuliza filimbi, ana kidole laini, akigusa tu kinafunguka. Masele akaona huruma, akasema, "Mzee wangu, tupake mafuta kidogo," akanipaka yale mafuta ya nywele. Kidole kikateleza kikafungua tangazo la mabati, na hatukuweza kulifunga mpaka mteja mmoja aliponyanyuka kwenye kiti cha kunyolea kutusaidia. Nilirudi kwenye cherehani yangu nanukia nazi. Naomba ieleweke kwamba mtu aliyefanya kazi kwa mikono yake mpaka mikono ikakomaa, hastahili kukataliwa na kioo alichokinunua mwenyewe.

6. Kuhusu sauti. Hili ndilo kubwa, nimelichelewesha kwa sababu linaniuma. Mwalimu Gerson, ambaye mikono yake haitulii, aligundua kwamba kishikwambi kinaweza kusoma chenyewe kwa sauti. Ni sauti ya mama mmoja ambaye hana haraka na mtu na wala hana habari na mtu. Anasoma kichwa, anasoma habari, anasoma jina la mwandishi, anaunganisha. Juzi alisoma tanzia ya mzee wa watu na bila kuvuta pumzi akaingia kwenye punguzo la bei ya mabati, mpaka Mzee Issa akauliza marehemu alikuwa anauza wapi. Akifika mwisho husema, "Bofya hapa kusoma zaidi," na Mzee Issa humjibu, "Nimebofya, mama." Anamheshimu. Mimi hakuwahi kuniambia amebofya.

Tatizo la mama huyo ni kwamba hakunji. Mzee Issa kabla hajasafisha koo, jibu limeshatoka. Hakuna anayebisha, maana utabishana na nini? Hakuna anayepatia wala anayekosea, kwa hiyo hakuna anayeosha vikombe, na anayeviosha ni Asmahani, na manung'uniko yake nayasikiliza mimi. Nawaona kutoka hapa. Wamekaa kwenye benchi langu wamenyamaza wote, kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Mzee Issa anasinzia. Nasema wazi, na uchapishe ukitaka: nimewakosa. Jana nilishona shati la mtoto wa shule, mfuko nikauweka mgongoni, na sikugundua mpaka mama yake alipoligeuza.

7. Kuhusu kasi. Zamani habari ikitufikia ilikuwa yetu. Siku hizi Magreth, binti wa Mwalimu Gerson aliyeolewa kule kijijini Puge, anapiga simu alfajiri kumweleza baba yake mambo yaliyomo kwenye gazeti kabla baba hajavaa viatu. Puge, Ndugu Mhariri! Nawaheshimu watu wa Puge, viazi vyao ni vizuri, lakini haiwezekani wajue habari wakati mmoja na makao makuu ya mkoa.

Baada ya kueleza hayo, sasa naleta maombi yangu, na naamini utayaona ni ya wastani.

Ombi la kwanza ni kwamba habari zenu za mtandaoni zicheleweshwe siku moja kwa watu wa Tabora. Usishangae. Mji huu tangu enzi za misafara ulikuwa ni mahali pa kupumzika. Waliotoka pwani kwenda Ujiji walitua mizigo hapa, wakala, wakapona miguu, wakagombana na viongozi wao, wengine wakaoa na hawakuondoka tena. Babu yangu ni mmoja wao. Hakuna kilichopita Tabora bila kupumzika. Iweje habari peke yake ipite mbio bila hata kutua mzigo? Naomba ilale hapa japo siku moja. Na kwa kuwa mimi sipendi upendeleo, utaratibu uwe wa njia nzima. Habari za kwenda Mpanda zishuke Kaliua, zisubiri treni ya tawi kama abiria wengine. Za Kigoma ziendelee na njia kuu. Za Puge na Lusu zitoke Tabora baada ya sisi kumaliza kahawa.

Ombi la pili, kila baada ya kichwa cha habari kioo kiwe cheupe kwa muda wa kutosha kunywa kikombe kimoja cha kahawa ya moto. Iwe kahawa ya moto kweli, maana ya vuguvugu Mwalimu Gerson anaimaliza kwa mkupuo mmoja.

Ombi la tatu linakuja ikiwa hayo mawili ni mazito kwa mafundi wenu. Katika hali hiyo, vichwa vya habari viende kwa watu wote kama kawaida, lakini habari zenyewe ziwekwe kwenye bahasha na kuletwa kwangu kwa basi. Kibanda changu kinajulikana. Wananchi wanaotaka kujua waziri alicharuka kwa nini watakuja hapa, watakaa, watatoa rai zao, kisha nitafungua bahasha. Mikoa mingine nayo inaweza kuniandikia. Sitadai malipo, isipokuwa ningependa serikali ya mtaa inirudishie benchi.

Nakuomba usiniweke kwenye kundi la wazee wanaochukia mambo mapya. Mimi nilikuwa mtu wa kwanza mtaani hapa kushona suruali ya mifuko ya pembeni. Sikatai kishikwambi, wala simlaumu Tunu. Kwa bei yetu na matumizi yetu alituchagulia vizuri. Ninachokataa ni kukaa upande huu wa barabara.

Nisalimie waandishi wote, hasa yule wa michezo ambaye hutuacha njia panda. Msalimie mchora katuni, mwambie wazee wa Ng'ambo huwa tunamwelewa siku ya pili. Wasalimie wapiga chapa, dereva wa basi kama bado mnaonana naye, mlinzi wa getini, na mama anayewapikia chai. Asmahani anakusalimu, ingawa anasema hakujui.

Wako ninayesubiri upande wa jua,

Abbasi Mrisho,
Msomaji na Mkunjaji.

Nyongeza: Ndugu Mhariri, naomba uisome nyongeza hii kwanza, kisha ile barua uifanye unavyotaka.

Nilikuwa sijaibandika bahasha nilipomwona Masele anavuka barabara na kishikwambi mkononi. Kifungo cha koti kilikuwa kimekatika na mfuniko unaning'inia. Alikuwa amemnyamazisha yule mama kwa sababu wazee walikataa asome wakati kifaa kiko barabarani. Akasema, "Shikamoo mzee, amevuliwa nguo huyu." Nyuma yake akaja Mwalimu Gerson, kuhakikisha sitatoboa kioo. Nyuma ya Mwalimu akaja Mzee Issa, kwa sababu hapendi kubaki peke yake. Na kwa kuwa kushona kifungo kwa uhakika kunahitaji muda na hawakuwa na mahali pa kukaa, wakarudi wakabeba benchi.

Nikakipokea. Kwenye kioo palikuwa na habari yenu ya leo, herufi kubwakubwa. Nikaisoma kwa mazoea tu, kwa sauti: "Kocha aondoka uwanjani kabla ya mechi kwisha." Mfuniko usiokuwa na kifungo ukaanguka wenyewe ukafunika yote yaliyobaki.

Nikanyamaza.

Mzee Issa akasafisha koo. Akasema kocha kaondoka kwa sababu ya kipa, na yeye kipa huyo alimshuku tangu mwezi uliopita. Mwalimu Gerson akasema kipa hana kosa, tatizo ni uongozi. Masele akasema mke wa kocha alikuwa karibu kujifungua. Hapo akavuka mteja aliyekuwa akimnyoa, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, kitambaa kikiwa bado shingoni, akaja kusema kocha alikuwa anaumwa tumbo. Wakabishana wote kwa pamoja. Asmahani akaja na birika bila kuitwa. Mimi nilikuwa nashona kifungo, na sijawahi kushona kifungo polepole namna ile maishani mwangu. Katikati ya kelele Mzee Issa akaniinamia akasema, "Abbasi, yule mama anasoma vizuri. Lakini hajui kunyamaza." Nikajifanya natafuta uzi.

Kikombe cha pili kiliponyweka nikainua mfuniko. Lilikuwa tumbo. Mteja akakalia kiti chenye mto na kichwa chake cha nusu, na Mwalimu Gerson ndiye anayeosha vikombe ninapoandika haya. Benchi halijarudi ng'ambo. Nimeshatundika kitambaa cha sare kuzuia jua, na Masele atakuwa ananiletea kishikwambi kila asubuhi kikiwa na chaji kamili, kwa sharti kwamba na yeye anaruhusiwa kutoa rai. Kugusa kioo atagusa Mzee Issa. Mfuniko nitaushika mimi.

Kwa hiyo yale maombi yangu yote matatu nayaondoa, na watu wa Puge wasisumbuliwe. Usicheleweshe kitu chochote. Badala yake nina ombi moja dogo la kinyume: habari yenu haikusema kama kocha atarudi, na wazee wameshagawanyika pande mbili, majibu ni kesho asubuhi. Kama unajua tayari, naomba uniambie mimi peke yangu, leo hii.

Barua hii ameipiga picha Masele na ameituma kwa kishikwambi hicho hicho. Kwa basi ingekufikia kesho, na hatuwezi kusubiri hadi kesho.